Ua wa Mama na Vigae vya Pembe Nane

Kigae cha pembe nane hakijazi sakafu peke yake. Panga viwili ubavu kwa ubavu, weka vingine viwili chini yake, na katikati ya vyote vinne patabaki tundu la mraba lililosimama kwa ncha. Fundi hana ujanja wa kulifuta tundu hilo, maana limezaliwa na pembe zenyewe. Kila kona ya kigae hicho ina nyuzi 135. Kona mbili zikikutana zinakuwa 270, na kuizunguka nukta moja sakafuni kunataka nyuzi 360. Zinabaki 90, nazo ni za mraba. Hoteli iliyoviagiza vigae hivyo mwanzoni ililijua jambo hilo, ikaagiza na miraba midogo ya kuviunganisha. Sisi tulilijua wakati Canter imekwisha kushusha mzigo na kuondoka.

Harusi ya binti wa wifi yangu ilikuwa ifanyike kwetu Tanga, kwa kuwa ua wa nyumba ya Mama, mzazi wa mume wangu, ndio mpana kuliko nyua zote za ukoo. Mita sita kwa mita nne na nusu, mlango wa jikoni upande mmoja, ukuta wa mawe upande wa pili. Sakafu yake ya saruji ilikuwa imechimbika, na Mama hakutaka akina mama waje kukaa kwenye mikeka iliyotandikwa juu ya mashimo. Mume wangu, ambaye kazi imemweka Dar es Salaam, akamtumia fedha mdogo wake atafute vigae. Shemeji ni mtu wa moyo mkubwa na haraka kubwa. Akapata habari za mabaki ya hoteli iliyobadili ramani yake katikati ya ujenzi: vigae vya rangi ya udongo mwekundu, vizito, vizuri kweli, zaidi kidogo ya 300, kwa bei ambayo hata Mama aliirudia mara mbili kuhakikisha amesikia sawasawa.

Fundi alifungua katoni ya kwanza, akapanga vinne juu ya mchanga, akachuchumaa akitazama.

"Kaka, vile vidogo viko wapi?"

"Vidogo gani?"

Fundi akatia kidole kwenye tundu. Shemeji akapiga simu. Muuzaji akamjibu kwamba alichokuwa nacho ndicho alichouza, na kwamba miraba ilikwisha kutumika kwingine. Mama, aliyekuwa kwenye kiti chake cha kamba akichambua mchele, akauliza kama kuna mtu amekosa adabu ya kuhesabu kabla ya kulipa. Hakujibiwa.

Shauri la fundi lilikuwa kukata. Kigae kimoja kikitolewa sadaka kingetoa miraba miwili, na vigae viwili vingepata viunganishi vyao. Akawasha mashine ya kukatia, vumbi jekundu likapanda hadi kwenye kamba ya nguo, na vigae vya kwanza vikamegeka kingo. Binti yangu, aliye kidato cha nne, alitoka ndani na daftari lake akaomba mashine izimwe kidogo. Shemeji alidhani kelele zinamsumbua kusoma. Kumbe alikuwa amechora ua mzima.

Alikuwa ameugawa kwa vyumba vya sentimita 30, upana wa kigae kimoja pamoja na ufito wake wa saruji nyeupe: vyumba 20 kwa urefu, 15 kwa upana, jumla 300. Kila chumba kinataka kigae kimoja na mraba mmoja. Katikati ya sakafu miraba mizima ni 266. Pembezoni zinahitajika nusu 66, pembetatu zenye mgongo mrefu ukutani, na kwenye kona nne za ua ni robo nne. Ukizijumlisha zote unapata miraba 300 kamili. Sasa, fundi akikata kigae kimoja ili kuhudumia viwili, katika kila vigae vitatu kimoja kinakufa. Vigae 300 vinabaki vya kufunika vyumba 200. Mita za mraba 18 zingepata sakafu, na mita 9, theluthi ya ua, zingebaki na mashimo yake ya zamani.

"Theluthi yenyewe iko upande gani?" Mama akauliza.

"Popote tutakapoishia, Bibi."

"Basi zimeni hicho kitu."

Nataka nisimame hapa, kwa sababu ndipo jambo lenyewe lilipo. Mchoro ule ulichorwa kwa penseli, kwenye karatasi ya daftari la kawaida, na uliokoa mzigo wa Canter nzima. Watoto wetu hufundishwa shuleni kugeuza maumbo: kuyahamisha, kuyazungusha, kuyaakisi, kuyakuza. Hufundishwa kuchora mche na piramidi kwenye karatasi bapa. Kisha sisi wazazi tunayachukulia hayo kuwa mambo ya kupasia mtihani, mwana akimaliza tunafunga daftari juu ya kabati. Mimi naamini ni elimu ya nyumbani kabisa, ya mlango na dirisha na sakafu, na nyumba isiyo na mtu wa kuchora hulipa kwa fedha kila inapojenga.

Jioni ile Shemeji alitaka kujua kwa nini wenye viwanda wanatengeneza kigae kisichojitosheleza. Binti akamkatia maumbo ya karatasi ngumu akayapanga mezani. Maumbo yenye pande sawa na pembe sawa yanayoweza kujaza sakafu peke yake ni matatu tu: pembetatu, kwa kuwa nyuzi 60 mara sita ni 360, mraba, 90 mara nne, na pembesita, 120 mara tatu. Basi. Johannes Kepler aliyapanga haya kwa utaratibu katika kitabu chake cha mwaka 1619, pamoja na mitandazo inayochanganya maumbo mawili au zaidi, ukiwemo huu wa pembenane na mraba uliotufika sisi. Pembetano sawa haimo. Kona tatu zake ni 324, pengo la nyuzi 36 linabaki, na hakuna kona ya kulijaza.

Lakini pembetano iliyopindishwa, yenye pande zisizolingana, ni habari nyingine, na habari hiyo ina mama wa nyumbani ndani yake. Marjorie Rice wa San Diego, California, alikuwa na hisabati ya sekondari peke yake. Mwaka 1975 makala ya Martin Gardner katika jarida la Scientific American ilieleza aina za pembetano zilizojulikana kuwa zinaweza kujaza uso bila pengo. Rice akaanza kutafuta nyingine. Alichorea jikoni, na mtu akiingia aliifunika michoro yake. Hakuwa na alama za wanahisabati, akabuni zake mwenyewe za kuonyesha ni kona zipi zinakutana na zipi. Akapata aina nne mpya ambazo wasomi walizipita bila kuziona. Aina ya 15 ilipatikana mwaka 2015 kwa msaada wa kompyuta, na miaka miwili baadaye Mfaransa Michaël Rao akatoa uthibitisho kwamba, kwa pembetano zisizo na kona iliyoingia ndani, hakuna nyingine. Mwaka 1999 mtandazo mmoja wa Rice ulijengwa kwa vigae halisi kwenye ukumbi wa kuingilia wa makao makuu ya Mathematical Association of America mjini Washington. Watu wakapita juu yake kwa viatu. Nikikoroga uji asubuhi, watu wote wamelala, namfikiria mwanamke huyu na karatasi zake kando ya sufuria, na napata nguvu.

Tukaamua kufinyanga miraba yetu wenyewe kwa saruji, mchanga na rangi nyeusi ya unga. Hesabu ilikubali. Ubavu wa kigae chetu ulikuwa sentimita 12.4, na hapa fundi alipishana na binti, kwani yeye kwa mazoea huchukua theluthi ya upana, yaani sentimita 10. Kigae chenye pembe nane sawa hakigawanyiki kwa theluthi. Ubavu wake ni zaidi kidogo ya asilimia 41 ya upana. Fundi aliweka futi juu ya kigae, akasoma, akaweka tena, akakubali bila kinyongo. Kwa unene wa sentimita 2, miraba 300 inakula takribani lita 92 za saruji iliyochanganywa. Mfuko mmoja wa kilo 50 ungekaribia kutosha, kwa kipimo kimoja cha saruji na vitatu vya mchanga.

Ilibaki kalibu ya mbao. Shemeji, ambaye sasa alikuwa na deni la kulipa kwa Mama, akasema jambo la seremala aachiwe yeye. Akachora kwenye mfuniko wa katoni sinia lenye vyumba 20, akaandika vipimo, akaondoka.

Seremala wetu ni mzee mwenye mikono ya kuaminika. Alichokileta kilikuwa kimepigwa randa hadi kinateleza: ubao mpana wenye vipande 20 vya mbao vilivyosimama juu yake, kila kimoja sentimita 12.4 kwa 12.4, unene sentimita 2. Palipotakiwa shimo, pamepanda kilima.

"Mzee, shikamoo," Shemeji akasema, na sauti yake ilikuwa imekauka. "Mbona hivi?"

"Marahaba. Si ndivyo ulivyochora?"

Mfuniko wa katoni ukaletwa. Tukausogeza mwangani, tukainama wote. Seremala alikuwa na haki. Shemeji alichora mistari yote kwa uzito mmoja, bila kivuli na bila kutofautisha ukingo unaoonekana na ule uliofichika. Mchoro wa namna hiyo una maana mbili kwa wakati mmoja. Ukiutazama kitambo, shimo linapanda kuwa kilima, kisha kilima kinazama kuwa shimo, wala jicho haliwezi kuzishika zote mbili pamoja. Louis Albert Necker, Mswisi aliyechunguza madini ya fuwele, aliliandika jambo hili mwaka 1832 baada ya kuona michoro ya fuwele zake ikigeuka mbele ya macho yake bila karatasi kuguswa. Mchemraba wa mistari 12 aliotuachia bado huitwa kwa jina lake.

Dawa yake wachoraji wa ufundi waliipata zamani. Ukingo uliofichika huchorwa kwa vistari vya kukatika. Kisha kitu kimoja huchorwa mara tatu: kinavyoonekana kwa juu, kwa mbele na kwa ubavu. Binti akafanya hivyo mbele ya Mzee, na akaongeza mchoro wa nne kwenye karatasi ya nukta, ule ambao kingo za wima hubaki wima na zile za kulia na kushoto hupanda kwa nyuzi 30. William Farish wa Cambridge aliueleza mtindo huo mwaka 1822 kwa ajili ya mitambo yake ya kufundishia, iliyofumuliwa na kuungwa upya mara kwa mara, na uzuri wake ni kwamba urefu unapimika kwa kipimo kimoja katika njia zote tatu. Fundi anaweka rula juu ya karatasi na kupata jibu, mbele, ubavuni na juu. Hauonyeshi kitu jinsi jicho linavyokiona, maana cha mbali hakipungui. Kwa seremala hiyo ni neema.

Mama aliuchukua mchoro ule akautazama muda mrefu. Mtoto alikuwa amejaribu kalamu pembeni kwa kuchora michemraba mingi iliyoshikana, na zile nyuso tatu za kila mmoja zilikuwa zimejaza kona ya karatasi bila pengo. Ni kweli, kwa sababu kila uso kwa mtindo huo unakuwa msambamba wenye pande sawa na kona za nyuzi 60 na 120, na mitatu yake inaunda pembesita. Warumi walitandaza sakafu ya namna hiyo kwa mawe ya rangi tatu katika jumba moja la Pompeii, lile liitwalo Nyumba ya Fauno, na liko hadi leo. Mtu anayeingia pale anaona ngazi zilizorundikana, kumbe ni sakafu bapa.

"Hii ni ukili," Mama akasema.

Akaingia ndani akatoka na mkeka wake wa zamani, akatuonyesha alivyoshona ukili mmoja kwa mwingine hadi rangi zikakutana kwenye mshono. Akaeleza kwamba ukili ukiushona kichwa chini, miguu juu, pambo la aina fulani linakubali na la aina nyingine linakataa, na msusi lazima ajue kabla hajachovya miyaa kwenye rangi. Binti yangu alikuwa akiandika. Marehemu Paulus Gerdes, mwanahisabati wa Msumbiji, alitumia miaka mingi kusoma vikapu na pochi za kusuka za nchi yake, zikiwemo sipatsi za Inhambane, akatetea kwamba vidole vya wasusi vimebeba jiometri ya kweli, inayostahili kuingia darasani kwa heshima yake. Siku ile sikuhitaji kushawishiwa. Bibi na mjukuu walikuwa wanazungumza jambo moja, mmoja kwa miyaa na mwingine kwa penseli, na wakarekebishana.

Ubao wa vilima 20 haukutupwa. Wakati Mzee anatengeneza kalibu ya pili, safari hii yenye mashimo, fundi alisema kazi isisimame: vipande vya mbao vingolewe ubaoni vitumike kushika nafasi. Akapanga vigae vya pembe nane juu ya saruji mbichi, na katika kila tundu akatia kipande cha mbao chenye kipimo kile kile cha mraba ujao. Safu ikishika, vipande vinatolewa na kusogezwa mbele. Vigae havikuweza kusogea wala kujikunja, kwa kuwa kona zote zilibanwa na kitu sahihi. Fundi alisema hajapata kutandaza sakafu iliyonyooka kwa wepesi hivyo. Nyuma yake miraba myeusi ilikuwa ikitoka kwenye kalibu kundi kwa kundi, ikilala kwenye beseni la maji ikomae, na watoto wa jirani wakawa wanakuja kuigusa kama mayai yaliyo karibu kuanguliwa.

Ugomvi mkubwa ulikuja kwenye ukingo wa ukuta. Katika mzigo zilikuwamo katoni za vigae vyembamba vyenye mtambaazi wa maua, shina likipanda kutoka chini kushoto kwenda juu kulia. Mama alitaka kutoka mlango wa jikoni shina lipande kwenda kulia upande huu, na upande ule lipande kwenda kushoto, ili mlango uwe katikati ya mikono miwili iliyofunguliwa. Shemeji akasema ni jambo dogo, vya upande wa pili vitageuzwa. Akakigeuza kigae kichwa chini. Shina likaendelea kuegemea kulia vile vile, ila maua sasa yalitazama chini. Akakizungusha robo. Shina likaegemea kushoto sasa, lakini kigae chenyewe kilikuwa kimesimama wima, hakikai kwenye safu.

Binti akaleta kioo cha kunyolea cha baba yake, akakiweka ubavuni mwa kigae. Ndani ya kioo shina lilipanda kushoto, kama Bibi alivyotaka. "Hicho cha kwenye kioo ndicho tunachokihitaji, Baba Mdogo, na hakimo kwenye katoni." Unaweza kukizungusha kitu cha namna hii mezani upendavyo, hakitakuwa pacha wake wa kioo. Ili kukipata lazima ukiinue na kukipindua, na kigae cha rangi hakina uso wa chini. Ukikipindua unaona udongo.

Jambo hili limewahi kuwakwaza hata wanahisabati, tena karibuni. Mnamo Novemba 2022 David Smith, mstaafu wa Yorkshire, Uingereza, aliyependa kuchezea maumbo na kuyakata kwa kadi, aligundua umbo la pande 13 linalofanana na kofia. Umbo hilo moja linajaza uso wote bila pengo, na mpangilio wake haujirudii kamwe kwa kuhamishwa, kitu ambacho wataalamu walikuwa wakikitafuta kwa miongo mingi. Pamoja na Joseph Myers, Craig Kaplan na Chaim Goodman-Strauss wakatoa uthibitisho Machi 2023. Dunia ya hisabati ilifurahi, kisha baadhi wakauliza swali la fundi: baadhi ya kofia hizo ni lazima zipinduliwe, je, kwa mwenye vigae vya rangi upande mmoja hilo ni umbo moja au mawili? Watu wale wanne hawakulidharau swali. Mwezi Mei mwaka huo huo wakaleta umbo jingine, walilolipa jina la Spectre, linalofanya kazi ile ile bila kuhitaji pacha wa kioo.

Sisi tulilitatua kwa kuzunguka. Badala ya mikono miwili mlangoni, shina linaanza jikoni na kwenda upande mmoja ukutani kote, linapinda kila kona, hadi linarudi lilipoanzia. Mama alilikubali baada ya kuzunguka ua kwa miguu, mkono ukigusa ukuta, akasema hivyo hata mgeni asiyeijua nyumba ataongozwa mpaka kwenye chakula.

Kuhusu maji ya mvua nitasema kwa ufupi, ijapokuwa fundi aliliona ndilo kubwa kuliko yote. Ua wa zamani ulikuwa na tundu la kutolea maji katikati, na sakafu ikishuka kulielekea kutoka pande zote nne. Maana yake ilikuwa na nyuso nne za pembetatu zilizokutana kwenye mikunjo minne. Kigae kikubwa kikilala juu ya mkunjo kinayumba na siku moja kitavunjika. Kwa hiyo tundu likazibwa, na sakafu yote ikainamishwa upande mmoja, sentimita moja kushuka kwa kila mita, hadi mfereji kando ya ukuta wa jikoni. Sakafu iliyoinama ni bapa bado. Pembe zake hazibadiliki, na mtandazo hauna habari kwamba umeinamishwa.

Kisha, kabla ya safu za mwisho, uzi wa fundi ukaonyesha kwamba nyumba haikuwa na pembe mraba.

Alipima kwa tatu, nne na tano: mita tatu ukuta huu, mita nne ukuta ule, na mshazari ukakataa kuwa tano. Ua ulikuwa mita 4.5 upande wa barabarani na mita 4.61 upande wa ndani. Vyumba 15 vya sentimita 30 vinatimia 4.5 sawasawa. Kando ya ukuta wa mawe ungebaki ufito mrefu, sentimita 11 upande mmoja, ukipungua hadi kuisha upande wa pili. Fundi alitushauri kwa sauti ya chini tusimwambie Mama, maana ukuta ule aliujenga marehemu baba mkwe kwa mikono yake.

Mama alisikia, bila shaka. Akasema ukuta haukukosewa. Palikuwa na mdimu pale, akaonyesha kwa fimbo, na mume wake hakutaka kukata mizizi yake, akausogeza msingi nje kidogo kuupa mti nafasi. Mdimu ulikufa miaka mingi iliyopita, nasi wote tuliozaliwa na kuolewa baada yake hatukuujua. "Yeye alipima," Mama akasema. "Ila alipima na mti."

Fundi akauliza basi ufito ule aukatie vigae vyembamba au aujaze saruji. Binti alikwisha kuuchora: pembetatu yenye kitako cha sentimita 11 na urefu wa mita sita, theluthi ya mita ya mraba. Hakuna kigae chetu kinachoingia humo bila kukatwa vipande visivyo na sura. Mama akaamuru usitiwe saruji wala kigae. Akataka udongo mweusi, na kwenye ncha nene, pale pale, mche wa mdimu, na kuanzia hapo mrehani hadi mahali pembetatu inapokwisha. Shemeji ndiye aliyetumwa kutafuta mche. Safari hii aliondoka na karatasi mfukoni yenye kipimo cha shimo, kina na upana, kingo zilizofichika zikiwa za vistari.